Mafiga Baridi ya Fundi

Kuna watu wakimkumbuka Fundi wanacheka. Wanasema alikuwa mama wa vituko, aliyebandika funguo na makubazi ukutani akaita kazi. Nikiwasikia nanyamaza, maana nikifungua mdomo nitatukana, na mimi nimetumia maisha yangu kuwafundisha watoto wa watu adabu. Lakini hasira ninayo. Ninawakasirikia wanaocheka, ninawakasirikia waliopiga makofi siku ile, na fungu kubwa la hasira hiyo nimejiwekea mwenyewe. Ndiyo maana naandika.

Tulimwita Fundi, basi. Mafundi wengine walikuwepo, wa baiskeli, wa cherehani, wa mizinga ya nyuki, lakini hao uliwataja na kazi zao. Ukisema Fundi peke yake, kila mtu alijua ni yule mama mrefu mwenye kikopo cha ugoro kwenye pindo la kitenge, anayekandika nyumba za watu na kuzipaka rangi. Rangi zenyewe hakununua. Nyeupe aliichimba kingo za mto. Nyekundu aliitoa kwenye vichuguu vya njia ya Kasekese. Nyeusi aliipata chini ya vyungu vyetu: unaamka asubuhi unamkuta jikoni kwako, kisu mkono huu, kigae mkono huu, anakwangua masizi bila hata kubisha hodi. Ukimuuliza anasema amekusaidia kuosha.

Brashi yake ilikuwa gunzi la hindi, na kwa mistari myembamba unyoya wa kanga. Niliwahi kumletea brashi ya dukani kutoka Mpanda, nikidhani nitamfurahisha. Aliishika, akainusa, akanishukuru kwa heshima zote. Wiki iliyofuata niliiona kwa jirani yake, inafagilia unga kwenye jiwe la kusagia.

Akiwa kazini hakuitikia salamu. Padre alipita siku moja na pikipiki yake, akasimama, akamwambia tumsifu Yesu Kristo. Fundi aliendelea na mstari wake taratibu mpaka pembe ya ukuta. Padre alipochoka kungoja akawasha pikipiki akaondoka, na alikuwa ameshafika bondeni Fundi alipogeuka na kupiga kelele, "Milele amina." Wengine walisema ni kiburi. Mimi sibishi, kiburi alikuwa nacho cha kutosha kugawia kijiji kizima. Mtu mmoja alilalamika kwamba ukuta wake umepasuka baada ya siku mbili tu. Fundi akamjibu kwamba udongo haujui kusema uongo, ukiharakishwa unapasuka, na wewe uliniharakisha.

Wala hakuwa mtu wa kueleweka kirahisi. Viongozi aliwasema vibaya kuanzia asubuhi hadi jioni, lakini kadi yake ya chama aliitunza ndani ya kopo la maziwa, imefungwa nailoni, na kwenye mikutano alikaa mstari wa mbele. Nyumba aliyoipamba kuliko zote ilikuwa ya katibu wa kijiji, mtu asiyempenda hata kidogo. Aliichora ndege na masuke ya mtama kuanzia chini hadi kwenye paa. Nilipomuuliza kwa nini, alisema nyumba haina kosa, mwenye kosa ni anayelala ndani. Jambo hilo lilinikera. Nilikuwa kijana, nilitaka watu wachukie kwa mpango.

Sasa nifike kwenye lori, maana bila lori hakuna habari ya ukuta.

Tulikuwa tunaishi kule mtoni, mwendo wa nusu siku kutoka barabarani. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya nyasi, mgeni kutoka Ufipa, mwaka wa pili kazini. Oparesheni ya kuhamia vijijini ilipotufikia, tuliambiwa tupande lori na vitu vya haraka, vingine tutarudi kuvichukua. Waliotuambia hivyo walijua ni uongo. Nyuma yetu walikuja wengine na viberiti, wakachoma nyumba moja moja ili mtu asitamani kurudi. Nyumba ambazo Fundi alikuwa amezipaka kwa mikono yake, mwaka baada ya mwaka. Mpaka leo nikisikia mtu anaeleza kwa sauti laini kwamba yale yalikuwa makosa madogo ya utekelezaji, natamani nimpe moshi ule auvute.

Ukimwambia mtu achukue vya haraka, hachukui vya maana. Wanawake walibeba jiwe dogo la kusagia wakaacha lile kubwa, kwa hiyo walifika na nusu ya kinu. Mwingine alibeba tenga la kuku akasahau kuku. Jirani yake Fundi, mzee mfuga nyuki, alifunga mlango wake kwa kufuli, akaujaribu mara mbili kama umeshika, akapanda lori na ufunguo mfukoni. Mlango uliteketea na kufuli likiwa juu yake. Ufunguo akabaki nao.

Fundi alibeba moto. Pale mtoni, kama ilivyokuwa kwa mama yangu mzazi kule Ufipa, mwanamke akihama anahama na moto wake. Anachukua makaa, anayafukia kwenye majivu ndani ya chungu kilichovunjika mdomo, na huko aendako moto wa kwanza unatoka humo. Kuwasha kwa kiberiti ni kuanza maisha kama mtu aliyeokotwa njiani. Mimi nilijua hayo yote. Lakini nilikuwa nimekaa karibu na pipa la petroli, na kati yangu na Fundi kulikuwa na matita ya nyasi za kuezekea. Niliona kamoshi kembamba kanatoka kwenye kile chungu alichokifunika kwa kitenge. Nikamsogelea mgambo aliyesimama nyuma ya lori, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba yule mama ana moto.

 Mgambo alichukua debe la maji ya rejeta akalimimina lote ndani ya chungu. Fundi alikuwa amenipa mgongo. Nilijiambia hajui nani amesema, na kwa kweli kama lori lingelipuka tungekufa wote. Yote mawili nilijiambia njia nzima. Yeye alikaa amepakata chungu cha majivu yaliyolowa, maji yanamchuruzika miguuni, mpaka tukafika.

Kijiji kipya kilikuwa mstari wa vibanda kando ya barabara. Baada ya siku mbili Fundi alirudi mtoni kwa miguu, peke yake. Alirudi na figa moja kichwani, jiwe jeusi lililotoka kwenye jiko lake lililoungua. Akaenda tena, akaleta la pili. Safari ya tatu alikuwa anachechemea. Aliyapanga mafiga yake matatu nyuma ya kibanda, na hakuwasha moto juu yake hata siku moja. Alipikia kwa mke wa mfuga nyuki, akachangia kuni, akala huko. Watu walidhani amechanganyikiwa. Mimi nilipita mbali na kibanda chake.

Mwaka uliofuata ikaja habari kwamba mgeni rasmi kutoka mkoani atatembelea kijiji. Katibu aliniita ofisini. Alitaka banda la maonyesho, la kuonyesha wananchi walipotoka na walipofika, na alitaka Fundi alipambe. Akaniambia mimi nimsimamie kwa sababu ni msomi. Niliogopa kwenda kumwambia. Nilipomwambia, Fundi alivuta ugoro wake, akapiga chafya, akauliza swali moja tu: mgeni ataingia ndani, au atatazama akiwa nje? Nikasema ataingia. Akakubali.

Alijenga kuta tatu bila paa, mbele ya ofisi. Alikandika kwa wiki mbili na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Kisha akaanza kupaka, na kwa siku kadhaa tuliona madoa tu, mekundu na meupe, hayana kichwa wala miguu. Asubuhi moja ukuta ulifunguka. Ilikuwa ni kule mtoni. Kila nyumba ilikuwepo mahali pake, kama mtu anavyoziona akiwa amesimama katikati ya uwanja, na kila mtu aliijua yake kwa ndege, kwa mistari, kwa ufa. Hakuchora mtu hata mmoja. Mahali pa kila mlango aliacha udongo mbichi, akapita nyumba kwa nyumba akiwaomba watu kile walichopanda nacho lori. Mawe madogo ya kusagia, tenga tupu, kubazi la mguu mmoja, jembe lisilo na mpini. Akavigandamiza ukutani, kila kitu kwenye nyumba yake. Ufunguo wa mfuga nyuki aliuweka kwenye mlango wa mfuga nyuki. Kwangu alikuja pia. Nilimwambia sina kitu cha kutoa, maana sanduku langu la mwalimu lilikuja zima na vyote vilivyomo. Alitikisa kichwa akaondoka.

Chini, katikati ya sakafu, aliyapanga mafiga yake matatu, na kando yake kile chungu chenye majivu, ambayo sasa yalikuwa yamekauka na kupasuka. Hakuweka kingine.

Watu waliingia wenyewe bila kuitwa. Hakuna aliyecheka siku zile, na wale wanaocheka leo wengine nawakumbuka walivyosimama mle ndani wameshika vinywa. Mfuga nyuki alikuja kila asubuhi, akaugusa ufunguo wake, akaenda porini. Mimi niliingia mara moja nikatoka haraka. Nilimuuliza Fundi kama mafiga yatabaki hivyo, baridi. Alinijibu kwa upole ambao sikuuzoea.

"Yaacheni hivyo hivyo, mwalimu. Mgeni akiingia ataona jiko halina moto. Mtu yeyote aliyelelewa na mama atauliza kwa nini. Akiuliza, mimi nitamjibu."

Alikuwa hataki kingine. Kuta zote zile, rangi zote, safari zote za kubeba mawe kichwani, zilikuwa za kumfanya mtu mmoja mkubwa aulize swali moja.

Siku ya mgeni wanawake walipangwa barabarani na matawi, Fundi akiwa katikati yao. Katibu alikuja bandani akiwa amevaa suti ya Kaunda iliyopigwa pasi mpaka inang'aa. Aliyatazama mafiga, akakunja uso.

"Mwalimu, jiko baridi mbele ya mgeni? Atasema watu wangu hawapiki. Washa hapo, injika chai."

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza angalau kusema ngoja nimuulize mwenyewe. Lakini nilikuwa naomba uhamisho kwenda shule ya Mpanda mjini, na barua yangu ilikuwa mezani kwake ikisubiri sahihi. Nilileta kuni. Nilileta sufuria. Nikatoa kiberiti mfukoni mwangu, nikawasha moto kwenye mafiga ambayo mwenyewe alikataa kuyawashia mwaka mzima, na ulipowaka vizuri nikakisogeza kile chungu cha majivu nyuma ya ukuta kisionekane kama uchafu. Hilo la chungu sikuagizwa na mtu.

Mgeni aliingia, akasikia harufu ya chai, akacheka kwa furaha. Alizunguka akigusa vitu. Alipouliza ufunguo una maana gani, katibu alimjibu kwamba ni ishara ya ulinzi wa mali ya umma. Mfuga nyuki alikuwa amesimama hapo hapo mlangoni. Mgeni akasema hii ndiyo sanaa yetu, vifaa vya mwananchi vya kila siku vikieleza maisha bora, na wote tukapiga makofi, na mimi nikapiga. Kuhusu jiko hakuuliza neno. Angeuliza nini? Jiko lilikuwa na moto.

Fundi alikuwa ameuona moshi tangu barabarani. Nilimwona anatoka kwenye mstari wa wanawake, nikajua sasa atatuaibisha wote, na nusu yangu iliomba atuaibishe. Badala yake alinawa mikono, akaingia, akapiga magoti, akamimina chai kikombe baada ya kikombe bila kumwaga tone. Mgeni ni mgeni. Mgeni akamuuliza kama amefurahi kuona kazi yake inasifiwa.

"Chai imechemka, baba," alisema. "Karibu."

Nilimkasirikia kwa kupiga magoti yale. Nilimkasirikia kwa miaka, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kujikasirikia mimi niliyewasha.

Kabla ya kuondoka, mgeni alitoa zawadi yake: ataleta lori lichukue vitu vile vikaonyeshwe Mpanda. Alipotaja lori nilimtazama Fundi. Alikuwa anakusanya vikombe.

Kesho yake asubuhi tulimkuta anabandua. Alitoa kila kitu kwenye udongo kwa kisu chake cha masizi, akakifuta, akakipeleka kwa mwenyewe mkononi. Kisha akakoroga tope na samadi, akapiga kuta zote tatu upya, akaanzia kushoto akaishia kulia, na hakuitikia salamu ya mtu. Katibu alikuja akafoka, akataja sheria, akamtaja mkuu huyu na mkuu yule. Fundi aliendelea na mstari wake mpaka pembe ya ukuta. Lori lilipofika lilikuta ukuta laini na mafiga matatu. Katibu aliogopa kulirudisha tupu, akaamuru mafiga yapakiwe.

"Chukueni," alisema Fundi. "Si mmeshayapikia chai."

Nilidhani ameyakatia tamaa. Nilikuwa sijamjua bado. Mwezi uliofuata uhamisho wangu ulisainiwa, na niliondoka bila kumuaga.

Ilipita miaka mitatu. Nilikuwa nimepanga nyumba nyuma ya stesheni pale Mpanda, na asubuhi moja nikienda shuleni nilipita mbele ya ofisi moja yenye njia iliyopangwa mawe yaliyopakwa chokaa, yale mawe meupe ya kuonyesha kwamba hapa pana serikali. Mwanamke mrefu alikuwa amechuchumaa, anageuza jiwe moja moja na kuchungulia chini yake. Mlinzi alikuwa anamfokea kwamba hayo ni mawe ya ofisi. Yeye hakujibu, alikuwa kazini.

Nilimwamkia. Hakushtuka wala hakufurahi. Alisema watu wameanza kurudi mtoni kulima, na sasa hakuna anayewafukuza. Mfuga nyuki ameshajenga, na yeye anarudi, lakini harudi bila mafiga yake. Alikuwa amesikia kwamba baada ya maonyesho yalipangwa njiani hapo yakapakwa chokaa, na alikuwa ameshageuza mawe siku mbili. Chokaa ilipakwa juu tu, akanieleza, mvivu hapaki chini, na chini masizi yangu yapo.

Nilichelewa shule. Nilimwambia mlinzi kwamba mimi ni mwalimu wa mtoto wake, jambo ambalo lilikuwa kweli, na kwamba ofisi haitaanguka kwa kukosa mawe matatu. La tatu tulilipata karibu na mlingoti wa bendera. Tukayabeba hadi kwangu, mawili yeye, moja mimi, na uzito wa lile moja ulinifanya nifikirie njia ya mtoni.

Uani kwangu alikaa chini akatoa kisu, akakwangua chokaa. Mtu aliyepaka kuta maisha yake yote, sasa anabandua rangi ya wengine, na alifanya hivyo kwa hasira, vumbi jeupe likimjaa magotini. Yalipobaki meusi akayapanga. Mimi, kwa mazoea, nikaingiza mkono mfukoni kutafuta kiberiti. Alinitazama mkono mpaka nikautoa mtupu. Akanituma kwa jirani, mama aliyekuwa akikaanga mihogo, nikaombe makaa kwenye kigae. Hivyo ndivyo jioni ile tulivyopika ugali kwenye mafiga yale. Nilitaka kumwambia habari ya mgambo. Nilianza mara mbili, na mara zote mbili alinisogezea mboga.

Asubuhi alifukia makaa kwenye majivu ndani ya chungu kilekile, kumbe alikitunza, akakifunika kwa kitenge. Nilimsindikiza hadi yanapopakiwa malori. Nilichungulia kwanza nione kama kuna petroli. Yalikuwa magunia ya chumvi. Mafiga yalipandishwa. Alinipa chungu nikishike wakati anapanda, kisha akainama kutoka juu kukipokea, uso wake karibu na wangu.

"Safari hii usimwambie mtu," alisema.

Hakusema kwa ukali. Alikuwa anajua tangu siku ile ya kwanza, kwenye lori, amenipa mgongo. Alijua alipokubali kujenga banda nikimsimamia, alijua alipokuja kuniomba kitu cha kubandika ukutani nikamwambia sina. Utingo alikuwa anafunga turubai. Aliona tunavyokipokezana taratibu, akasimama.

"Mwalimu, humo kwenye chungu kuna nini?"

Vidole vyangu vilikuwa vinaungua. Nilikishika hivyo hivyo mpaka mikono yake ilipokipokea.

"Majivu," nilisema.